Daktari wa Wilaya: Maisha ya Robert Koch



Kutoka Rangwi hadi Lushoto mjini njia ni ya milima na makona. Kutoka Lushoto hadi Tanga au Dar es Salaam ni mbali zaidi. Kwa hiyo daktari kijana akipangiwa kazi katika vijiji vya Usambara, watu huulizana kama atakaa. Yeye naye hujiuliza kama atajifunza kitu huku, mbali na hospitali kubwa na walimu wake.

Katika kurasa hizi tutasoma maisha ya daktari mmoja wa zamani. Alianza kazi katika miji midogo ya wakulima na wafugaji. Huko ndiko alikofanya kazi iliyobadilisha udaktari duniani kote. Baadaye alifika hapa kwetu Usambara, na watu wa milima hii walimwambia jambo kubwa. Baadaye tena alifanya kosa katika visiwa vya Ziwa Viktoria, na walioumia kwa kosa hilo ni wagonjwa wake.

Jina lake ni Robert Koch. Jina la pili hutamkwa karibu na Kokh. Tutasoma mema yake na makosa yake pia.

1. Mtoto aliyejifundisha kusoma

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, nchini Ujerumani. Mji huo uko milimani. Watu wake wengi walichimba madini. Baba yake alikuwa na kazi katika machimbo hayo. Watoto wa nyumba yao walikuwa 13.

Inasimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka mitano aliwashangaza wazazi wake. Alikuwa amekwisha jifundisha kusoma kwa kutazama magazeti. Hakuna aliyemkalisha chini na kumfundisha herufi. Wewe uliyejifunza kusoma ukiwa mtu mzima unajua kazi hiyo ilivyo. Unajua pia furaha ya siku ile neno la kwanza linapokubali kusomeka.

Mwaka 1862 Koch aliingia Chuo Kikuu cha Göttingen. Huko alikuwako mwalimu aliyeitwa Jacob Henle. Zamani hizo madaktari wengi walidhani maradhi huletwa na hewa mbaya. Henle alikuwa na wazo jingine. Alifikiri kwamba baadhi ya maradhi huletwa na viumbe hai vidogo sana. Lakini hakuweza kuthibitisha. Mwaka 1866 Koch alimaliza masomo na kuwa daktari.

2. Kutoka darasani kwenda kwa wagonjwa

Kujifunza udaktari kuna sehemu mbili. Sehemu ya kwanza hufanyika darasani. Mwanafunzi husoma vitabu na kufaulu mitihani. Sehemu ya pili hufanyika kwa wagonjwa. Hapo daktari mpya hujifunza mambo ambayo kitabu hakiwezi kumwonyesha. Hujifunza kugusa tumbo linalouma na kusikiliza kifua. Hujifunza kuamua usiku wa manane, wakati hakuna mtu wa kumwuliza.

Siku hizi katika Tanzania daktari aliyemaliza chuo hufanya kazi mwaka mmoja hospitalini chini ya madaktari wazoefu. Huitwa daktari tarajali. Akitaka kuwa bingwa, huendelea kujifunza miaka mingine. Wakati wa Koch utaratibu haukuwa kama huu wa leo. Yeye alijifunza kwa kuhama mahali hadi mahali.

Kwanza alikuwa msaidizi katika hospitali kubwa ya mji wa Hamburg. Mwaka ule kipindupindu kiliua watu katika mji huo. Kisha alifanya kazi katika nyumba ya kutunza watoto wenye ulemavu wa akili. Baada ya hapo alitibu watu katika miji midogo. Mwaka 1867 alimwoa Emmy Fraatz, na mwaka uliofuata walipata mtoto wa kike. Mwaka 1870 vita vilizuka kati ya Ujerumani na Ufaransa. Koch alikwenda kuwatibu askari.

Mwaka 1872 alifanywa daktari wa wilaya katika mji wa Wollstein. Leo mji huo uko katika nchi ya Polandi. Ulikuwa mji mdogo, na kuuzunguka kulikuwa na mashamba na mifugo. Hapakuwa na chuo kikuu, maktaba kubwa wala maabara. Daktari alitoka kwa gari la farasi kwenda kuwaona wagonjwa, akarudi usiku amechoka.

Koch alikaa Wollstein miaka minane. Miaka hiyo minane ndiyo iliyomfanya ajulikane.

3. Ugonjwa wa kimeta

Wafugaji wa wilaya ile walikuwa na taabu kubwa. Kondoo na ng'ombe wao walikufa ghafla. Asubuhi mnyama anakula majani, jioni amekufa. Damu yake ilikuwa nyeusi na nzito. Watu waliochuna ngozi za wanyama hao walipata vidonda vyeusi, na wengine walikufa. Huo ni ugonjwa wa kimeta. Sisi nasi tunao.

Kulikuwa na jambo jingine la ajabu. Yalikuwako malisho ambayo watu waliyaogopa. Mfugaji alipopeleka mifugo yake huko, ilikufa. Alipoyaacha miaka mingi kisha akarudi, mifugo ilikufa tena. Watu walisema malisho hayo yamelaaniwa.

Koch aliona taabu hiyo kila siku katika kazi yake. Hakusema kwamba mambo ya mifugo si kazi ya daktari wa watu. Alikuwa na hadubini, zawadi kutoka kwa mkewe. Hadubini ni chombo chenye vioo kinachokuza vitu vidogo sana hata vikaonekana. Aligawa chumba chake kwa pazia. Upande mmoja alitibu wagonjwa. Upande wa pili alifanya uchunguzi. Wagonjwa walipokwisha kuondoka, alivuka pazia.

Madaktari wengine kabla yake walikuwa wamekwisha ona vijiti vidogo katika damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta. Lakini hawakukubaliana. Je, vijiti hivyo ndivyo vilivyoleta ugonjwa? Au vilitokea tu baada ya mnyama kufa?

Koch alitafuta jibu kwa vitu alivyokuwa navyo. Hakuwa na sindano nzuri, kwa hiyo alichonga vibanzi vya mti. Alitia kibanzi damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta, akakichomeka katika ngozi ya panya. Panya alikufa. Alichukua panya mwingine, akamtia damu ya mnyama mzima. Panya huyo hakufa. Alipotazama damu ya panya aliyekufa, aliona vijiti vile vile.

Hapo angeweza kusema kazi imekwisha. Hakusema hivyo. Aliwaza kwamba huenda kitu kingine katika damu ndicho kinachoua, wala si vijiti. Basi alivikuza vijiti nje ya mwili, katika maji ya jicho la ng'ombe aliyechinjwa. Aliviona vikirefuka na kuongezeka. Kisha alichukua vile vilivyokuzwa akavitia katika panya. Panya hao nao wakafa kwa kimeta.

Aliona pia jambo lililofumbua fumbo la malisho. Vijiti vikipata shida, hujigeuza kuwa kama mbegu ndogo zenye ganda gumu. Mbegu hizo hazifi kwa jua wala kwa ukavu. Hukaa ardhini miaka mingi zikingoja. Mnyama akizila pamoja na majani, huamka na kuwa vijiti tena. Kumbe malisho yale hayakulaaniwa. Mnyama mmoja alikufa pale zamani, na damu yake ikaingia ardhini.

Hii ndiyo sababu tunaambiwa tusimpasue wala kumchuna mnyama aliyekufa ghafla, wala tusile nyama yake. Tumwite bwana mifugo. Mzoga uchomwe au ufukiwe chini sana. Amri hiyo si ya kuwasumbua watu. Ilianza kueleweka katika chumba cha daktari wa wilaya, nyuma ya pazia.

4. Safari ya Breslau

Daktari wa mji mdogo ana shida moja kubwa. Akigundua kitu, nani atamwamini? Koch hakuwa na mwalimu karibu wa kumwambia kama amekosea. Basi mwaka 1876 alimwandikia barua Ferdinand Cohn, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Breslau aliyejua sana habari za vijidudu. Aliomba nafasi ya kuonyesha kazi yake.

Cohn hakumdharau. Alimkaribisha. Koch alifunga vyombo vyake pamoja na panya wake, akasafiri. Kwa siku kadhaa aliwaonyesha walimu wa Breslau kila hatua, nao wakatazama kwa macho yao. Waliridhika kwamba daktari huyu wa shamba amefanya kazi kamili. Mwaka huo huo Cohn alichapisha maandishi ya Koch katika jarida lake.

Hapa tuone mambo mawili. La kwanza, daktari wa mbali alifanya kazi nzuri. La pili, wakubwa wa mjini walimsikiliza. Lingekosekana hilo la pili, kazi ile ingebaki nyuma ya pazia. Ndiyo maana daktari anayejifunza katika hospitali ya mbali anahitaji mkubwa wa kumsimamia na kumjibu, hata kama ni kwa barua au kwa simu.

5. Kifua kikuu

Mwaka 1880 Koch aliitwa Berlin, mji mkuu. Sasa alipata maabara na wasaidizi. Wasaidizi hao walikuwa madaktari vijana waliojifunza kwake.

Shida yao ilikuwa kukuza aina moja ya vijidudu bila kuchanganyika na nyingine. Koch alitumia vipande vya viazi vilivyopikwa. Baadaye Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi, alitoa wazo zuri. Alishauri watumie agari, kitu kama jeli kitokacho katika mwani wa baharini, ambacho yeye alikitumia jikoni. Mpaka leo maabara duniani kote hutumia agari. Jikoni kwa mama huyo palitoka jambo ambalo madaktari hawakulijua.

Tarehe 24 Machi 1882 Koch aliwaeleza madaktari wenzake mjini Berlin kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Wakati huo alikadiria kwamba katika kila watu saba waliokufa, mmoja alikufa kwa kifua kikuu. Watu wengi walidhani ugonjwa huo ni wa kurithi, au ni wa ukoo fulani. Koch alionyesha kwamba hurithiwi. Huambukizwa. Basi kama unaambukizwa, unaweza kuzuiwa.

Mpaka leo tarehe 24 Machi ni siku ya kifua kikuu duniani. Dawa za kuponya zilipatikana miaka mingi baadaye, karibu na katikati ya karne ya 20. Leo katika Tanzania mgonjwa wa kifua kikuu hupewa dawa bila malipo. Mtu akikohoa wiki mbili au zaidi, asingoje. Aende zahanati akapime makohozi.

Mwaka 1883 na 1884 Koch alikwenda Misri na India kuchunguza kipindupindu. Alionyesha kijidudu chake, na alionyesha kwamba watu hukipata katika maji machafu.

6. Dawa isiyoponya

Sasa Koch alikuwa mtu mkubwa. Watu walimwamini, na serikali yake ilimtaka alete sifa zaidi. Mwaka 1890 alitangaza kwamba amepata dawa ya kifua kikuu. Iliitwa tubakulini. Hakueleza mara moja jinsi ilivyotengenezwa.

Wagonjwa wakafurika Berlin. Lakini tubakulini haikuwaponya. Baadhi yao walizidiwa, na wengine walikufa. Baadaye tubakulini ilionekana kufaa kwa jambo jingine, yaani kupima kama mtu ameambukizwa. Lakini kwa kuponya haikufaa.

Yule aliyengoja na kurudia majaribio yake kule Wollstein, safari hii aliharakisha. Tukumbuke jambo hili, kwa maana litarudi tena.

7. Watu wa milimani na mbu

Mwaka 1893 Koch aliachana na Emmy, akamwoa Hedwig Freiberg. Tangu hapo alisafiri sana. Mwaka 1896 alikwenda Afrika Kusini kuchunguza sotoka ya ng'ombe. Kutoka huko alikwenda India kuchunguza tauni. Mwaka 1897 alifika Dar es Salaam.

Wakati huo nchi yetu ilitawaliwa na Wajerumani kwa nguvu. Lushoto waliiita Wilhelmstal. Walitaka kuchukua ardhi ya milimani kwa mashamba ya walowezi. Walitaka pia kujua kama Mzungu anaweza kuishi hapa bila kufa kwa homa. Koch alitumwa na serikali hiyo. Hakuletwa kwa sababu ya afya yetu kwanza. Ni vizuri tuseme hivyo wazi.

Koch alipima damu za watu wa pwani na za watu wa milimani. Pwani aliona malaria nyingi. Milimani aliona kidogo sana. Alitaka kujua sababu.

Watu wa Usambara walimweleza. Walisema kwamba sisi wa milimani tukiteremka bondeni tunaumwa na wadudu, na baadaye tunapata homa. Wadudu hao waliwaita mbu. Na homa yenyewe waliiita kwa jina hilo hilo, mbu.

Fikiri juu ya jambo hilo. Mwezi wa Agosti 1897 huko India, daktari Ronald Ross alikuwa ndiyo kwanza ameona vijidudu vya malaria katika tumbo la mbu. Mwaka 1898 wataalamu wa Ulaya walikuwa bado wanabishana. Lakini wazee wa milima hii, bila hadubini, walikuwa wameona kwa macho na kukumbuka. Walijua nani anaugua, anaugua akitoka wapi, na nini kilimwuma.

Koch aliandika habari hiyo katika taarifa zake. Hapo alifanya vyema. Daktari anayefika kijijini na kuwasikiliza wenyeji hupata elimu ambayo haimo chuoni. Siku hizi malaria hufika hata katika baadhi ya vijiji vya milimani. Kwa hiyo tusitegemee baridi peke yake. Tulale katika chandarua.

8. Amani na papasi

Mwaka 1905 Koch alirudi. Safari hii alifanya kazi Amani, katika Usambara ya Mashariki. Wajerumani walikuwa wamejenga huko kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902.

Alichunguza homa inayorudi rudi, yaani homa ya papasi. Mgonjwa hupata homa kali siku kadhaa, akapata nafuu, kisha homa humrudia. Wasafiri wa misafara waliipata walipolala katika vibanda vya njiani. Papasi hukaa katika udongo wa sakafu na nyufa za ukuta. Usiku hutoka na kumwuma aliyelala.

Koch aliona vijidudu vya homa hiyo ndani ya papasi. Tena aliviona katika mayai ya papasi. Maana yake ni kwamba papasi jike huwarithisha watoto wake ugonjwa. Kibanda kikiisha ingiwa na papasi wenye homa, kinaweza kubaki na hatari muda mrefu hata kama hakilali mtu mgonjwa. Dawa yake ni nyumba yenye sakafu ngumu na ukuta usio na nyufa, na mtu asilale chini.

Mwaka huo huo wa 1905 Koch alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

9. Visiwa vya Sese

Wakati huo ugonjwa wa malale ulikuwa ukiua watu kando ya Ziwa Viktoria. Malale huletwa na mbung'o. Inakadiriwa kwamba katika Uganda watu zaidi ya 250,000 walikufa kati ya mwaka 1900 na 1920. Vijiji vizima vilibaki bila watu.

Mwaka 1906 Koch aliongoza kundi la madaktari wa Kijerumani kuja kuutafiti ugonjwa huo. Kwanza walifika Tanga na Amani. Kisha walikwenda ziwani, wakaweka kambi katika visiwa vya Sese, Uganda.

Walikuwa na dawa iliyoitwa atoksili. Ndani yake mlikuwa na sumu ya aseniki. Wagonjwa walisikia kwamba kuna dawa. Walikuja wengi, wengine wakibebwa na ndugu zao. Zaidi ya watu 1,000 walichomwa sindano.

Mwanzo mambo yalionekana mazuri. Vijidudu vilitoweka katika damu. Waliokuwa wamelala waliamka, wakala. Lakini baada ya muda vijidudu vilirudi. Ndipo Koch na wenzake walipoongeza kiasi cha dawa. Wagonjwa walipata maumivu makali. Baadhi walitoroka kambini. Kisha wengine wakaanza kupoteza macho.

Wagonjwa 22 walipofuka kabisa. Hawakuona tena. Ndipo kiasi kile kikubwa kikaachwa.

Tujiulize. Watu hawa walikuwa wanakufa, na daktari alitaka kuwaokoa. Hiyo ni kweli. Lakini pia alikuwa akijaribu dawa ambayo hakuijua vizuri, juu ya watu waliotawaliwa, mbali na macho ya wakubwa wa Ulaya. Walikuwa na uwezo gani wa kukataa? Nani aliwaeleza kwamba dawa inaweza kuwaumiza? Kule Wollstein, Koch alipokosea, aliyekufa ni panya. Huku alipokosea, mtu alipoteza macho yake.

Koch aliondoka mwaka 1907 akarudi kwao. Vipofu walibaki kwenye visiwa. Majina yao hayakuandikwa katika vitabu kama lilivyoandikwa lake. Basi sisi tunapolisoma jina lake, tuwakumbuke na wao.

10. Mwisho wake

Robert Koch alikufa tarehe 27 Mei 1910 katika mji wa Baden-Baden, Ujerumani. Alikuwa na umri wa miaka 66. Taasisi kubwa ya afya ya Ujerumani inaitwa kwa jina lake.

11. Tunajifunza nini

Maisha haya yanatufundisha kwamba kijiji ni shule ya daktari. Kimeta hakikuchunguzwa kwanza na wakubwa wa Berlin. Kilichunguzwa na daktari wa wilaya, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa karibu na mizoga na vilio vya wafugaji. Hapa Usambara, hospitali ya Bumbuli kwa miaka mingi imekuwa mahali pa kuwafundisha matabibu. Anayejifunza milimani huona ugonjwa mahali unapoanzia. Huona nyumba, maji, jiko na njia ambayo mgonjwa alibebwa.

Lakini shule yoyote ina gharama, na katika udaktari gharama hiyo inaweza kumwangukia mgonjwa. Kwa hiyo daktari anayejifunza asiachwe peke yake. Awe na msimamizi. Aseme wazi asipojua. Akirudia kipimo kabla ya kuamua, tusimwone mjinga. Anafanya kama Koch wa Wollstein. Tumwogope zaidi yule anayeona aibu kuuliza.

Nasi wagonjwa tuna haki na wajibu. Tuna haki ya kuuliza dawa hii ni ya nini na inaweza kuleta madhara gani. Tuna haki ya kukubali au kukataa majaribio juu ya miili yetu. Tuna wajibu wa kusema kweli tunapoulizwa habari za ugonjwa, hata kama tulikwisha kunywa dawa za miti shamba. Tuna wajibu pia wa kumpokea daktari kijana. Akipata nyumba, maji na majirani wema, atakaa. Akikaa, atatujua. Akitujua, atatutibu vizuri zaidi.

Wazee wa Usambara walimwambia daktari mgeni habari za mbu, naye akaandika. Sasa wewe unajua kuandika. Mifugo ikifa ghafla, andika siku na mahali. Mtoto akipata homa, andika ilianza lini. Ukienda zahanati, chukua karatasi yako. Daktari kijana atakayeisoma atakuwa ameanza kujifunza kwako.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini malisho ya Wollstein yaliendelea kuua mifugo miaka mingi?
2. Katika kijiji chetu, mnyama akifa ghafla tunafanya nini? Tubadilishe nini?
3. Watu wa Usambara walijuaje habari za mbu na homa?
4. Koch alikosea wapi katika visiwa vya Sese? Wewe ungekuwa ndugu wa mgonjwa, ungemwuliza nini?
5. Tufanye nini ili daktari kijana apende kukaa na kujifunza katika vijiji vyetu?